Bolti ya Kumi na Sita

"Mzee Ponera, nakwambia kwa heshima zote, hicho kisanduku chako ama ukinyamazishe ama uhame nacho," alisema Mama Otilia. Mwiko wa ugali ulikuwa bado mkononi, na kila neno lilipomtoka, mwiko nao ulitikisa kichwa.

"Nihamie wapi? Kota hii nimeingia wewe hujafika."

"Basi kizibe mdomo. Tangu jana kinapiga mluzi kama birika. Nyumba zote kumi na tano zinanguruma kwa kupatana, kama kwaya ya Jumapili. Chako peke yake kinatuharibia."

"Kisanduku changu kizima. Masikio yako ndiyo yamezoea mambo ya watu."

"Ukuta wenyewe tofali moja, Mzee. Ukikohoa, mimi ndiye ninayesema pole. Nifanyeje?"

Watu walikuwa wamekwisha toka. Kwenye Safu ya Pampu nyumba zimeungana kumi na sita, ubavu kwa ubavu na kibaraza kimoja kirefu, na ugomvi wa wawili huwa mali ya wote. Wa nyumba ya tatu alileta kigoda chake kabisa.

Ndipo Zamoyoni Lihawa akatokea, kofia ngumu kwapani, buti zimejaa vumbi la barabara ya kituo. Ilikuwa siku yake ya kwanza kurudi kazini tangu amzike mama yake. Sauti zikashuka zenyewe, maana mfiwa hapigiwi kelele usoni.

"Huyu hapa fundi," alisema Mama Otilia. "Bolti anazikaza kwa mikono yake. Aseme yeye."

"Aseme," alisema Mzee Ponera. "Karibu ndani, mwanangu. Vua buti lakini, saruji nimepiga deki mimi mwenyewe."

Kisanduku kilitundikwa juu ya kochi, ukubwa wa mkate wa boflo, kimefunikwa kitambaa cha kufuma kama kilivyofunikwa kila kitu chenye thamani kwa Mzee Ponera. Zamoyoni alifunua kitambaa, akaweka kiganja, akafumba macho. Kisha akavuka kwenda kwa Mama Otilia akafanya vilevile, kisha kwake nyumba ya kumi na nne, kisha akarudi.

Kila nyumba ya safu ile iliishi na bolti moja. Kituo cha nyuklia cha Lukorongo kilipojengwa, watu waliokuwa wakikaa pale hawakudai shule wala barabara. Walishaahidiwa hayo na walishazoea kuahidiwa. Walidai kusikia. Walikwisha pata habari za vituo vya kwingine, ambako mashine ya kusikiliza iliona tatizo na mwenye mashine akalifuta. Wakasema: tusiambiwe, tusikie wenyewe. Makubaliano yakaandikwa. Kifuniko cha pampu ya pili, ile inayozungusha maji ya moto ya kinu cha nyuklia, kimeshikwa na bolti kumi na sita nene kama mkono wa mtu mzima. Ndani ya kichwa cha kila bolti kuna pini inayogonga, mlio unashuka hadi mwisho wa chuma na kurudi, na kisanduku cha nyumbani kinaugeuza kuwa sauti. Bolti iliyokazwa sawasawa huimba juu. Ikilegea, au ikiingia ufa, sauti hushuka. Namba hazikuwekwa, kwa sababu namba zinachezewa. Kila asubuhi mwenye nyumba husikiliza, akiridhika hubonyeza kidole gumba, na kidole hicho ndicho kodi yake ya kota. Ukibonyeza siku tatu bila kusikiliza, unahama.

"Mama Otilia hajakosea," alisema Zamoyoni. "Hii iko juu kuliko zenzake. Inawezekana imevutwa kupita kiasi. Chuma kikivutwa kupita kiasi siku moja kinakatika."

Mama Otilia aliutazama mwiko wake kama mtu anayepokea cheti.

"Mimi nimefanya nini sasa?" aliuliza Mzee Ponera.

"Hujafanya kitu, mzee wangu. Nitaandika, kesho tutailegeza kidogo. Saa nne kazi inaanza, haichukui muda."

Akaandika palepale kibarazani, kwenye kidude chake cha kazi: bolti ya kumi na sita, sauti juu, ilegezwe. Jibu lilirudi kabla hajamaliza kufunga kamba za buti. Hati ya kazi imekubaliwa. Kwa teknolojia ya Lukorongo, bolti moja huweza kulegezwa na kukazwa pampu ikiwa inazunguka, bila kuzima umeme wa mtu. Zilizobaki kumi na tano zinatosha kubeba kifuniko.

Mradi zote kumi na tano ziwe nzima.

*

Asubuhi yake mama mdogo wa Zamoyoni, Bi Arafa, ambaye alikuja kwa matanga na hakuonyesha dalili ya kuondoka, alikuwa anakunywa chai na mihogo.

"Hebu niwekee sauti yake tena," alisema. "Ile ya maharage."

Zamoyoni alikuwa na ujumbe mmoja tu wa sauti wa mama yake ambao haukuhusu dawa. Aliuweka simu ikiwa imeegemezwa kwenye kopo la sukari.

"Zamoyoni mwanangu," ilisema sauti ya Bi Siwazuri, imekwaruza kidogo, "ukirudi upitie chumvi. Mama Otilia kaleta maharage. Mungu ambariki, moyo anao mkubwa, ila mkono wake na chumvi hawajawahi kuonana. Nimekula yote, usije ukamwambia. Na huyo bwana wa nyumba ya tatu kanunua kiatu kingine, sijui anakwenda wapi na viatu vyote vile..."

Bi Arafa alicheka, kisha akajifuta macho kwa upande wa kanga. "Weka tena."

Akaweka tena. Mara ya tatu Zamoyoni hakuwa anasikiliza maneno. Nyuma ya sauti ya mama yake, tangu mwanzo hadi mwisho, kisanduku cha nyumba hii hii kilikuwa kinaimba. Akainua macho kukitazama pale ukutani. Kilikuwa kinaimba sasa pia. Haikuwa sauti ile.

Alitoka na simu mkononi, miguu mitupu, akapita mlango wa Mama Otilia bila salamu, akabisha kwa Mzee Ponera. Hakueleza. Aliweka simu juu ya kisanduku cha kumi na sita, akaruhusu mama yake aseng'enye watu upya. Mlio wa ndani ya simu na mlio wa ukutani ulikuwa mmoja, kama mtu na kivuli chake.

"Mzee," alisema Zamoyoni, "bolti yako nzima. Zetu ndizo zimeshuka."

"Zote?"

"Zote kumi na tano. Zimeshuka pamoja, ndiyo maana zinapatana."

Mzee Ponera alikaa kwenye kochi taratibu. Alikuwa fundi bomba miaka thelathini, na hakuhitaji kuchorewa. "Na visanduku havikusema?"

Hapo ndipo palipouma. Visanduku visingeweza kusema. Bi Siwazuri alipofariki, safu nzima ilizima redio, ikazima televisheni, na ikazima visanduku. Hakuna aliyeagiza. Ndivyo watu wanavyofanya. Nyumba yenye msiba haipigiwi muziki kupitia ukutani, na kisanduku, ukikifikiria, ni muziki. Kwa siku saba Safu ya Pampu ilikaa kimya kama msikiti baada ya swala. Lakini kidole kilikuwa cha kila asubuhi, na kitufe kilikuwa kinafanya kazi hata sauti ikiwa imefungwa. Kwa hiyo watu walipita, wakabonyeza, wakaenda kukaa na mfiwa. Kisanduku huweka kumbukumbu sauti inaposhuka, lakini kilichofungwa sauti hakiandiki. Na kikifunguliwa upya, sauti kinayoikuta ndiyo kinayoihesabu kuwa ya kawaida. Aliyekibuni alikuwa mtu mwenye akili sana, lakini hakuwahi kuishi kwenye msiba.

"Grisi," Zamoyoni alisema, zaidi kwa nafsi yake. "Mwaka jana tulipobadili bolti, grisi nyeupe ya kupaka nyuzi zake ilichelewa kufika. Tukapewa kopo jeusi. Tukaambiwa ni ileile. Kopo liliisha kwenye ya kumi na tano, hii yako nikaipaka nyeupe iliyobaki kwenye mfuko wangu wa spana."

"Nyeusi ina salfa," alisema Mzee Ponera. "Sisi kwenye mabomba ya maji moto tulikatazwa. Inakwenda na joto, inakula chuma pole pole kutokea ndani. Nje unaona kinang'aa."

Saa ya ukutani ilisema saa moja na nusu. Saa nne bolti pekee iliyokuwa nzima ingelegezwa, kwa hati aliyoiandika yeye.

*

Kuikwepa hati lilikuwa jambo jepesi. Angesema mgongo unauma. Lakini ingehamia kwa fundi wa zamu nyingine. Kusema ukweli nusu pia kusingetosha. Mhandisi wa kituo angeuliza: kama kumi na tano zimeshuka, mbona nyumba kumi na tano zilibonyeza kwamba ziko sawa, siku saba mfululizo? Na jibu la swali hilo lilikuwa ni siku saba. Kanuni ilisema tatu.

Alijua heshima inamtaka aanze na majirani. Aliwakuta wengi bombani, ndoo zimepanga foleni, na akawaambia wote mara moja, wazi, kama mtu anayesoma tangazo la maji kukatika.

Mama Otilia alifunga bomba kwanza. Alitaka asikie vizuri.

"Nielewe," alisema. "Mama yako alipokufa, nilizima kisanduku changu nikaja kulala kwenye mkeka wako siku saba. Nilipika, nilichota maji, niliosha vyombo vya watu nisiowajua. Leo unakwenda kusema hilo ndilo kosa langu."

"Ndilo kosa letu. Na mimi nilibonyeza."

"Wewe una kazi. Utapangishwa popote. Mimi nina kidole." Alikiinua, kidole gumba chenye unga. "Otilia amebakiza wiki tatu ajifungue. Nimpeleke kujifungulia wapi, stendi?"

Bwana wa nyumba ya tatu alijaribu: "Si useme tu umesikia? Una masikio ya kazi. Habari ya kuzima ya nini?"

"Hawatasimamisha kinu kwa masikio yangu dhidi ya vidole vyenu kumi na vitano. Na jana masikio haya haya yaliandika kwamba ya kumi na sita ndiyo mbovu."

"Basi acha walegeze, waone wenyewe."

"Wakilegeza, hakutakuwa na wa kuona."

Wote walikuwa na picha ya pampu vichwani mwao; walipelekwa kuiona kila mwaka, na watoto wao wakapewa soda. Maji ya mle ndani yana joto karibu mara tatu ya maji ya chai yanayochemka, na hayachemki kwa sababu moja tu: hayana pa kutokea.

"Mimi nilizima vilevile," alisema Mzee Ponera kutoka nyuma. "Sauti yangu haikushuka, lakini kidole changu kilidanganya kama vyenu. Ukiandika, mwanangu, andika jina langu la kwanza."

"Mzee wewe nyamaza," alisema Mama Otilia, lakini hakusema kwa nguvu. Kisha akamgeukia Zamoyoni. "Nenda. Nenda kaseme. Ila nikikuona kwenye kibaraza changu, tutavunjiana heshima."

*

Mhandisi Rwiza alikuwa mtu wa kusoma kila karatasi mara mbili, na hata salamu alikuwa kama anaipitia kabla ya kuijibu. Zamoyoni alimkuta nje ya mlango mzito wa chumba cha pampu. Vijana wawili wa zamu walikuwa wamekwisha valisha mashine ya kuvuta kwenye kichwa cha bolti ya kumi na sita. Walisubiri saini yake tu.

"Umechelewa dakika nne," alisema Mhandisi.

"Sisaini, Mhandisi. Naomba usikilize kitu."

Akaweka simu. Mhandisi akasikiliza habari za chumvi, maharage na viatu hadi mwisho, uso haujabadilika, halafu akasema, "Pole tena kwa msiba. Sijaelewa."

"Usisikilize maneno. Sikiliza nyuma yake. Hii ni bolti ya kumi na nne, wiki moja kabla mama hajafariki." Kisha akacheza ya pili, aliyoirekodi nyumbani asubuhi ile. "Na hii ni hiyo hiyo leo."

Mhandisi alisikiliza tena zote mbili. Mara ya tatu alivua miwani.

"Kumbukumbu za safu yenu zinasema hakuna kilichoshuka."

"Kumbukumbu za safu yetu ni za uongo kwa siku saba. Tulizima kwa ajili ya matanga. Tulibonyeza bila kusikia, nyumba zote." Akakitazama kidole gumba chake. "Nyumba kumi na sita, na yangu ikiwemo. Na bolti kumi na tano zilipakwa grisi ya kopo jeusi. Niliipaka mimi."

"Nani aliidhinisha lile kopo?"

"Saini ipo. Utaikuta."

Mhandisi Rwiza aliisoma hati ya kazi mara mbili. "Unajua hicho ulichosema kuhusu vidole siwezi kutokiandika."

"Najua. Ningetaka usikiandike, ningekuambia mgongo unauma."

Akaichana hati, akanyanyua simu ya ukutani, akasema maneno machache yasiyo na mapambo. Baada ya hapo taa za korido zikapepesa na kuhamia umeme wa akiba, na sakafu, ambayo ilikuwa inatetemeka chini ya miguu yao kwa miaka kumi na moja kiasi kwamba hakuna aliyeisikia tena, ikatulia.

Kinu kilipopoa walizitoa bolti moja moja, wakazipitisha kwenye kipimo cha mawimbi. Kumi na moja zilikuwa na ufa chini ya uzi wa tatu, mahali ambapo jicho halifiki. Ya tisa ilishikiliwa na chuma chembamba kama ukucha. Mhandisi aliishika mkononi, akaanza kusema, "Kama tungelegeza ile..." akaiweka mezani taratibu. Ya kumi na sita ilirudishwa ilipotoka.

*

Barua zilifika Ijumaa, zote zimefanana. Kidole cha mwenye nyumba kimeondolewa. Kota irudishwe ndani ya siku tisini. Chini yake Mhandisi Rwiza alikuwa ameambatanisha maoni ya ukurasa mmoja: kisanduku kiandike hata kikifungwa sauti, sauti ya kwanza ya bolti ihifadhiwe isibadilishwe, na safu yenye msiba itoe taarifa iletewe msikilizaji. Mwishoni alipendekeza familia za Safu ya Pampu zisihamishwe. Mapendekezo yalikuwa yanakwenda kwenye kikao. Kikao hakikuwa na tarehe.

Hakuna aliyemtukana Zamoyoni. Ingekuwa afadhali. Safu iliyozoea kuazimana hata jani la chai ilimpita kama nguzo. Asubuhi alisema hamjambo, akajibiwa na ndoo. Sahani zilizokuwa zikivuka kibaraza kutoka mlango hadi mlango, hiki onja hiki mpelekee fulani, zilikuwa zikifika nyumba ya kumi na tatu, zinaruka hadi ya kumi na tano. Bi Arafa aliliona hilo siku mbili, ya tatu akafunga mzigo wake. "Sikukimbii," alisema. "Ila mimi siwezi kukaa mahali pasipo na maneno."

Visanduku vyote vilikuwa kimya. Kinu kilikuwa kimezimwa, bolti mpya zilikuwa njiani. Zamoyoni aligundua kwamba bila ile sauti aliweza kusikia saa ya Mzee Ponera ukuta wa pili.

Jumapili mchana alikaa mlangoni kwake akichambua kunde, kazi isiyohitaji mtu mwingine. Kibarazani kwa Mama Otilia jiko la mkaa lilikuwa linafuka, na watu walikuwa wamejaa hadi ngazini: Mzee Ponera na kofia yake, bwana wa nyumba ya tatu na viatu, Otilia na tumbo lake amekalia kiti cha peke yake kama malkia. Walikuwa wanabishana kama kikao kitawasikiliza. Mzee Ponera alisema kitasikiliza. Bwana wa nyumba ya tatu alisema kikao hakijawahi kusikiliza hata mvua.

"Eti ile sauti," Mama Otilia alisema ghafla, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika nyumba moja zaidi, "Mhandisi ameiweka mbele ya wakubwa wote. Kijana wa zamu kaniambia. Wameisikiliza mara kumi. Yale maneno ya maharage yangu yote wameyasikia, mpaka katibu."

Zamoyoni aliacha kunde.

"Sikuweza kukata kipande, Mama Otilia," alisema. "Ningekata, wangesema imechezewa."

"Miaka minane nampelekea maharage. Miaka minane ananiambia mwanangu una mkono."

"Aliyala yote."

"Nimesikia kwamba aliyala yote." Mama Otilia aliinua kifuniko cha sufuria, akaonja kwenye kiganja, akakaa kidogo kama anayesikiliza kitu cha mbali. Kisha akaangalia mlango wa kumi na nne, uso bado umekunjwa, na akasogeza beseni la maji ya kunawa kwa mguu hadi pembeni ya kibaraza chake.

"Bado nimekukasirikia," alisema. "Njoo unawe mikono, ule. Chumvi nimetia."